Mstari wa 214

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili,
nafungua ofisi kwa kidole gumba.
Ofisi ni meza ya kukunja, kati ya kabati la vyombo
na dirisha linalotazama ukuta wa jirani;
na ukuta wa jirani, mwezi huu wa Julai,
ni mkate uliosahauliwa tanurini.

Hapa ni Ibra. Makontena yako Sohar.
Bosi yuko Muskati, au anasema yuko Muskati.
Faili haliko popote. Liko winguni.

"Wingu gani hilo, Muzna?"
aliuliza mama mkwe siku ya kwanza,
Kiswahili chake bado kina vumbi la Ng'ambo.
"Miaka hamsini niko Ibra.
Mawingu ya hapa nayajua kwa majina,
yote mawili."

Nikamwonyesha jedwali, vishale vikitembea.
Cha kijani changu.
Cha zambarau cha Shinuna wa Al-Khoudh, mama wa pacha:
huandika kwa vishindo, kisha dakika ishirini hayupo.
Cha rangi ya chungwa cha Biju,
Ruwi, ghorofa ya nne. Hatujasikiana sauti,
ila najua husita mbele ya namba saba,
huiandika, huifuta, huiandika tena,
kama mtu apigaye hodi nyumba asiyoijua.

Mama mkwe akagusa kioo kwa ncha ya kucha.
"Basi hawa ni watu?"
"Ni watu."
"Mbona hawali?"

Tangu hapo, ikigonga saa nne,
huniletea sahani ya tende saba:
tatu zangu, mbili za zambarau, mbili za chungwa.
Nawalia wenzangu.
Kokwa nazipanga chini ya skrini kama hesabu iliyokubali.

Kila siku tisini nywila inataka kubadilishwa.
Nimekwisha maliza majina ya watoto, nimemaliza ya mbuzi.
Sasa mlango wa kampuni hufunguka
kwa jina la kichochoro alikozaliwa yeye,
na tarakimu mbili, na alama ya mshangao.
Sijamwambia.

Jumanne alasiri likaja wingu la tatu,
lile lisilo na jina,
likashuka toka milimani bila kubisha.
Nilikuwa mstari wa 214,
kontena la kuku, safu ya joto tupu,
mwisho wa kujaza saa kumi.
Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza.
Kwenye skrini kiduara kikazunguka,
kikazunguka,
na huko nje wadi ikaanza kuvuta mawe
kwa sauti ya mtu anayehamisha makabati.

Nikapanda darini na simu nimeinyoosha juu.
Mama mkwe alishatangulia, na ndoo nne na sufuria la biriani.
"Unatafuta nini?"
"Wingu."
"Si hili hapa linakulowesha!"
Akacheka hadi akaketi kwenye maji,
bibi wa miaka sabini na tatu, na kanga yake,
na mimi namlilia kuku wa watu.

Umeme ulirudi saa saba za usiku.
Mstari wa 214 ulikuwa umejaa.
Kumi na saba chini ya sifuri.
Nikafungua historia ya faili, mtu na saa yake:
Biju, saa kumi kasoro dakika nne, ameandika.
Kasoro tatu, amefuta.
Kasoro mbili, ameandika.
Pembeni maneno mawili tu:
*Mvua huko?*

Nikaandika asante. Nikaifuta, ilikuwa fupi mno.
Nikaandika ndefu. Nikaifuta.
Mwishowe nikajibu, *Mvua.*

Asubuhi saa nne, tende zilikuwa nane.
"Ya nane ya nani?"
"Ya yule wa chungwa," akasema, akikamua shela yake dirishani.
"Jana kafanya zamu mbili."

Hiyo sikuila. Niliiacha ukingoni mwa sahani,
nikarudi kwenye makontena.
Kufika adhuhuri
sisimizi walikuwa wameshaigawana.